Muda wa Nyongeza

Kwa miezi minane nilisema mwanangu yuko Tanga. Niliwaambia majirani, niliwaambia wateja, niliwaambia mawifi zangu, na siku moja nikamwambia hata muuza maandazi ambaye wala hakuniuliza. Yuko Tanga kwa bibi yake mkubwa, anasoma Kurani. Nilipokuwa nasema hayo mwanangu alikuwa Upanga, amelazwa wodi ya watoto, kichwa kimenyolewa na kufungwa bandeji. Kutoka dukani kwangu Kariakoo mpaka kwenye kitanda chake ni mwendo wa miguu.

Alikuwa na miaka saba. Ilianza kwa kutapika asubuhi, kabla hajatia kitu tumboni. Tulimpa dawa ya malaria, tukampa ya minyoo, mama yangu akamchemshia mwarobaini. Halafu akaanza kupepesuka. Akitoka chooni anashika ukuta, akivuka barabara ananiegemea, na mimi namwambia anyooke, atembee kama watu. Walipompiga picha ya kichwa wakakuta uvimbe huku nyuma, juu kidogo ya shingo, mkubwa kama ndimu. Wakampasua wakautoa. Baada ya hapo ikawa mionzi, kila siku ya kazi kwa wiki sita, halafu dripu za dawa ambazo zilimtapisha mpaka nyongo.

Sasa kwa nini Tanga? Najua mtu asiye wa kwetu atasema huyu mama alikuwa na wazimu. Sisi nyumba yetu ina vizazi vitatu hapa mjini, na katika nyumba kama zetu ugonjwa wa mtoto wa kike hautangazwi. Homa sawa, mguu sawa, kila mtu anaugua mguu. Kichwa hapana. Ikishasemwa kwamba binti fulani alipasuliwa kichwa, siku watu watakapokuja kumposa atatokea shangazi mmoja tu anayekumbuka, na huyo mmoja anatosha. Mama yangu alinishika mkono palepale kwenye benchi la hospitali akaniambia, "Msitiri mwanao." Kusitiri kwetu hakuhesabiwi uongo. Ni jambo la thawabu, na mimi nililishika kama mtu aliyepewa kazi anayoiweza. Baba yake, fundi friji wa Buguruni, hakupenda. Alikuwa amechoka, akaniachia mambo ya maneno.

Alirudi nyumbani amekonda, ushungi umemfunika vizuri. Majirani wakasema mashallah, Tanga imemkataa lakini Kurani imemkubali. Nami nikacheka nao.

Uongo una tabia ya kudai chakula kama mtoto mchanga. Mwalimu wa madrasa aliposikia binti katoka Tanga kusoma, akamweka kwenye orodha ya watoto watakaosoma siku ya Maulidi ya mtaa. Ningeweza kukataa. Ningesema ana homa. Lakini nilikuwa nimeshaanza kuona fahari kwa kitu ambacho hakikutokea, na sura aliyopangiwa alikuwa anaijua tangu ana miaka mitano, kabla ya ndimu ile kichwani. Nikamshonea baibui jipya.

Ilikuwa baada ya Alasiri, turubai limefungwa mtaani, wanawake upande wetu tumejaa. Jina lake likaitwa, akasimama. Niliona midomo yake inacheza, sauti haitoki. Mwalimu akamtajia neno la kwanza, na kabla hajalishika akamtajia la pili, halafu la tatu, na kila neno jipya lilimrudisha nyuma alikotoka. Wanawake nyuma yangu wakaanza kukohoa kile kikohozi chetu kisicho cha mafua. Mwishowe mwalimu akamwambia akae, na kwa kutaka kumwokoa akatania, "Tanga wamemchosha." Watu wakacheka. Mimi sikucheka, nilitamani ardhi inimeze.

Tukiwa njiani kurudi nyumbani, mimi mbele yeye nyuma, nikasikia anaanza. Alisoma sura yote kwa sauti ndogo, kuanzia bismillahi mpaka mwisho, bila kukosea hata herufi moja. Nikageuka nikamfinya mkono.

"Sasa hivi ndiyo unasoma? Sasa hivi?"

"Ndiyo imekuja, mama," akasema.

Hilo lilikuwa jibu kamili la ugonjwa wake, na nilipewa bure, mtaani, na mtoto wa miaka minane. Sikulisikia. Nilisikia ukaidi.

Kuanzia hapo neno likawa "mvivu". Nyumbani mvivu, shuleni mvivu. Anachelewa kufunga kamba za viatu, anachelewa kumaliza kula, ukimwita anaitika wakati umeshaenda kumtazama. Nilimtuma vitu vitatu akarudi na kimoja, na hicho kimoja kakishika mkononi anakiangalia kama anakiuliza vingine viko wapi. Dukani ndiko alikonimaliza kabisa. Mimi nauza kanga, na kanga haziuzwi kwa upole. Mteja akisimama, kabla hajamaliza kusema anataka rangi gani, wewe umeshafungua doti nzima mbele ya macho yake, umeshamsomea jina la kanga lililoandikwa, umeshamchombeza, la sivyo anageuza shingo kwa jirani na hiyo shingo hairudi. Watoto wa mtaa wetu wanaijua kazi hii wakiwa na miaka tisa. Wangu nikimwambia, "Lete ile ya zambarau, na ile yenye picha za korosho, na mfuko," anasimama. Anaangalia rafu. Ukimwangalia machoni unaona kabisa anatafuta, si kwamba kalala. Anakuja na ya zambarau, mteja yuko duka la tatu.

Nilimwita kobe mbele ya watu. Nasema ili ijulikane. Si mara moja.

Alipokuwa darasa la tano tukaenda kliniki yake ya kawaida, baba yake naye akaja siku hiyo. Daktari, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya chini, alikuwa na picha mpya ya ubongo kwenye kompyuta. Akatuambia uvimbe haujarudi, alhamdulillahi. Halafu akamtoa mtoto nje akakae na nesi, akafunga mlango.

"Shuleni anaendeleaje?" akauliza.

"Mvivu," nikasema.

Akatuonyesha picha. Akasema ubongo una sehemu zinazofikiri na una sehemu nyeupe, na hiyo nyeupe ndiyo njia ambazo fikra zinapita kutoka hapa kwenda pale. Mionzi iliua uvimbe, lakini ili kuuua ilipita kwenye kichwa kizima, na katika kichwa cha mtoto wa miaka saba zile njia bado zinajengwa. Akatuonyesha mahali palipopungua na mahali palipofifia. Akasema hali hii haionekani mara moja, inakuja taratibu, mwaka hadi mwaka, wakati watu wote wameshasahau kwamba mtoto aliugua.

"Kwa hiyo akili yake imeharibika?" baba yake akauliza. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba apunguziwe.

"Akili anayo, baba. Tumempima. Anachojua anakijua. Inachukua muda mrefu kufika, na ukimpa mambo mengi kwa pamoja mengine yanadondoka njiani. Si uvivu, wala si ukaidi. Ukimharakisha unamrudisha mwanzo."

Nilimwelewa kuliko alivyodhani. Kariakoo stoo yako inaweza kujaa mzigo mpaka kwenye dari, lakini kama barabara imechimbwa na mikokoteni haipiti, mteja ataondoka mikono mitupu na kusema huna kitu.

Akatuandikia barua ya shule. Akatusomea mwenyewe ili tusikosee. Mtoto akae mbele. Asichapwe kwa kutokumaliza. Asinakili ubaoni kazi ndefu, apewe iliyoandikwa. Na kwenye mitihani yote, hasa ule wa taifa wa darasa la saba, apewe muda wa nyongeza, na shule ipeleke jina lake mapema pamoja na majina ya watoto wengine wenye mahitaji maalumu. "Hii barua ndiyo dawa yake sasa," akasema. "Nyingine sina."

Baba yake akanipa mimi niipeleke, kwa sababu shule iko karibu na duka. Niliisoma tena nikiwa nimekaa juu ya robota la kanga. Neno "ubongo" lilikuwamo mara mbili. Neno "saratani" lilikuwamo mara moja, na hiyo mara moja ndiyo niliyoiona. Mwalimu wake wa darasa alikuwa anaishi nyumba ya tatu kutoka kwetu. Ni mteja wangu, ni mtu mzuri, na ana mdomo kama sisi wote. Barua ile ikiingia shuleni asubuhi, ikifika Alasiri mtaa mzima unajua kwamba hapakuwa na Tanga, hapakuwa na bibi mkubwa, na binti yangu ana kasoro ya kichwa. Nikawaona na wale wageni wa posa ambao hata nia ya kuja hawajawa nayo, wanainuka kwenye mkeka wangu wanaaga.

Nikaikunja.

"Umepeleka?" baba yake aliniuliza jioni.

"Nimepeleka."

"Wamesemaje?"

"Wamesema sawa."

Akashukuru Mungu. Tulikula wali na samaki siku hiyo, na yeye akamwambia mtoto kwamba sasa mambo yatakuwa rahisi shuleni. Mtoto akamwangalia, akafikiri, akasema, "Haya baba." Nadhani alingoja huo urahisi. Sijui aliungoja muda gani kabla ya kuacha.

Msinione nilikuwa sina moyo. Nilijiambia nitamsaidia kwa njia yangu. Nikaacha kumtuma vitu vitatu, nikawa namtuma kimoja kimoja. Kwa wiki mbili hivi. Halafu ikaja Ramadhani, duka likafurika, nikarudia kupiga kelele. Kuna siku nilishamwita mvivu na neno liko nje ndipo nikakumbuka chumba cha daktari, na hata hapo sikulirudisha. Mtu akishazoea kusema jambo mbele za watu, kulifuta ni lazima aeleze kwa nini, na mimi kueleza ndicho kitu nilichokuwa nakikimbia.

Darasa la saba walifanya mtihani wa majaribio. Karatasi zikarudishwa nyumbani. Hesabu: maswali ya mwanzo yote vema, vema, vema, mpaka katikati ya karatasi. Kuanzia hapo nyeupe. Kiswahili hivyohivyo, Sayansi hivyohivyo. Kama mtu aliyekuwa anatembea vizuri tu, akafika mahali akaambiwa rudi. Mwalimu ameandika chini kwa wino mwekundu: "Acha kuota darasani." Nilizishika zile karatasi na nilijua ninachokiona. Wakati bado ulikuwepo, nadhani. Angalau ningeuliza kama upo. Nikamwambia, "Mtihani wenyewe ukija ufanye haraka."

"Nitafanya haraka," akasema.

Siku ya pili ya mtihani wa taifa nilimngoja getini. Wenzake walitoka wanaruka, wanarushiana kofia. Yeye akatoka mwisho, ameshika rula na penseli.

"Umemaliza?"

Akafikiri. "Nilifika nusu. Muda ulikwisha."

"Wenzako muda wao haukwisha?"

Sikusubiri jibu.

Matokeo yalipotoka, baba yake aliyaona kwenye simu akiwa kazini. Nilimwona tu anaingia dukani mchana, mikono bado ina grisi, mtu ambaye huwa hapandishi sauti hata friji likimwangukia mguuni.

"Fungeni duka," akasema. "Twende shule. Hawa watu walipewa barua."

Nikamwambia aache, yameshapita, Mungu hakupanga. Akasema Mungu alipanga daktari aandike. Nikamwambia angalau mtoto abaki. Akasema mtoto ndiye mwenye haki yake, aje asikie inavyodaiwa. Nilitembea nyuma yao kutoka dukani mpaka shuleni nikitafuta mahali pa kusema, na kila kona ilipita kabla sijasema. Siku hiyo mimi ndiye niliyekuwa mzito.

Mwalimu mkuu alitupokea vizuri. Mtoto akamwamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba, akaonyeshwa kiti pembeni ya kabati. Mwalimu wa darasa akaitwa. Baba yake akaanza kwa adabu, kisha adabu ikamshinda.

"Daktari aliandika apewe muda wa nyongeza. Tangu darasa la tano. Nyinyi mmemfanyisha mtihani kama wengine. Mtoto kajibu nusu, na hiyo nusu nina hakika kapata yote. Sasa nataka kujua ile barua mliifanyia nini."

Mwalimu mkuu akamwangalia mwalimu wa darasa. Mwalimu wa darasa akatikisa kichwa.

"Barua ipi, baba?"

Faili la mtoto likaletwa, likafunguliwa juu ya meza. Cheti cha kuzaliwa, fomu ya kujiunga, ripoti za muhula. Mwalimu mkuu alipindua karatasi moja moja mbele yetu, hana haraka, mpaka jalada la nyuma.

"Watoto wanaohitaji muda wa nyongeza majina yao tunayapeleka mapema sana, wakati wa usajili," akasema. "Na huwa wanapewa. Mwaka huu tulikuwa na mmoja asiyeona vizuri, alipewa. Wa kwenu jina lake tungelipeleka kwa furaha. Lakini hatukujua hata kama aliwahi kuugua. Hapa imeandikwa alikuwa Tanga."

Baba yake akageuka akanitazama. Sikuwa na pa kupeleka uso. Nilitazama sakafu, na hilo likawa jibu.

Aliyevunjika mbele yangu alikuwa mwalimu wa darasa, jirani yangu, yule niliyemwogopa mdomo. Alikaa kwenye kiti kilichokuwa karibu naye bila kuangalia kama ni chake.

"Nimemchapa huyu mtoto," akasema. "Mimi mwenyewe, kwa mkono wangu, kwa kutomaliza kunakili. Miaka mitatu. Mama, ungeniita hata uani ukaninong'oneza." Hakunisema zaidi ya hapo. Na mpaka leo sijasikia neno mtaani lililotoka kwake.

Mwanangu muda wote huo alikuwa amekaa pembeni ya kabati, mikono mapajani, anamtazama kila anayesema. Uso wake haukuonyesha kitu. Nilijifariji kwamba hakuelewa. Nilikuwa nimeishi naye miaka mitano na ugonjwa ule, nikaambiwa na daktari mlango umefungwa, na bado nilijifariji hivyo.

Baba yake hakugomba. Natamani angegomba. Alirudi Buguruni akamalize kazi ya mtu, jioni akaja, akala, akamwuliza mtoto kama anaumwa kichwa, akalala. Siku ya pili vilevile. Mwalimu mkuu alikuwa amesema mtihani ukishafanywa umefanywa, hakuna wa kuurudisha, ila zipo shule za ufundi, tumtafutie. Baba yake akaanza kuulizia peke yake.

Siku ya tatu tulikuwa dukani, mimi na binti yangu, saa ambayo jua limewafukuza wateja. Tulikuwa tunakunja kanga zilizofunguliwa asubuhi. Yeye anakunja vizuri, pembe juu ya pembe, kuliko wasichana wote niliowahi kuwaajiri, ila anakunja moja wakati mimi nakunja tatu. Akasema, bila kuinua macho:

"Mama. Barua ilikuwepo?"

Mikono yangu ikasimama. "Ilikuwepo."

Akakunja. Akaweka juu ya rundo, akachukua nyingine.

"Tangu darasa la tano?"

"Ndiyo."

Mteja akasimama mlangoni, anataka doti mbili za harusi, amevaa vizuri, mtu wa kununua. Nikamwambia dada yangu nisamehe, nenda duka linalofuata. Akanishangaa akaenda. Nilimwona mwanangu anatafuta, kama alivyokuwa akitafuta kwenye rafu, kama alivyotafuta siku ya Maulidi, na kwa mara ya kwanza tangu nimzae nilikaa kimya nikangoja mtu huyu afike. Alichukua muda mrefu. Adhana ya Alasiri ikaanza ikaisha.

"Kwa hiyo ulikuwa unajua kwamba siyo uvivu."

"Nilikuwa najua."

"Mimi nilikuwa sijui," akasema. "Kila sala nilikuwa namwomba Mungu aniondolee uvivu. Nilikuwa naomba sana."

Hakulia, wala hakusema kwa kunilaumu. Alikuwa ananiarifu tu. Na ni kweli alikuwa anaomba sana, nilikuwa namwona. Wenzake wakishainuka yeye bado yuko kwenye mswala, mikono imefunguliwa, midomo inacheza. Nami nilikuwa nasimama mlangoni namgombeza kwamba hata kuomba anachelewa.